Mvua Iliyokuwa Kichwani mwa Mumbua

Usiniamini. Nakuonya mapema, kabla hujakaa vizuri: haya nitakayokueleza, kama una akili zako timamu, yakatae. Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyumba kumi na mbili za watu wazima, watu wenye majembe na wajukuu na Biblia zilizofunikwa kwa gazeti, waliniamini mimi, na walichovuna wanakijua wenyewe. Kwa hiyo jaribu kuwa mjanja kuliko wao.

Dada yangu alikuwa akisikia harufu ya mvua kabla haijanyesha. Haya, cheka.

Sisemi ile harufu ambayo hata mbuzi anaisikia, mawingu yakishajaa na upepo umegeuka. Nasema mwezi wa nane, mbingu nyeupe kama sahani iliyooshwa, vumbi limekaa mpaka kwenye kope, na Mumbua anainua pua na kusema udongo umelowa. Unamtazama yeye, unatazama juu, kisha unajiuliza ni nani kati yenu amepotewa.

Mimi naitwa Kioko. Ukifika Mukuyuni siku ya soko, uliza fundi wa baiskeli. Tuko watatu, lakini utaletwa kwangu. Rimu iliyopinda kama ulimi wa mbwa nitainyoosha huku nikikupigia hadithi, na utaondoka umecheka na baiskeli yako ikikimbia. Shule niliacha darasa la sita. Watu husema nilifukuzwa na utundu. Mimi husema tulikubaliana na mwalimu kwamba mmoja wetu ametosheka. Maneno ya vitabuni usiyatafute hapa. Lakini kuongea najua. Tangu utotoni, ukinipa neno la kijiko nakurudishia la debe, na hilo ndilo lililonifikisha kwenye habari hii.

Tulikuwa tunaishi kwa nyanya yetu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, juu kidogo ya Matiliku, mahali ambapo shamba limekatwa matuta na mawe ni mengi kuliko udongo. Baba na mama walikuwa kazini Mombasa, tukiwaona Krismasi. Nyumbani tulikuwa watatu: Susu, mimi, na Mumbua aliyekuwa na miaka kumi na minne. Jina lake alipewa kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, kama wasichana wengi wa kwetu walivyopewa. Hakuna aliyelifikiria zaidi ya hapo, mpaka pua yake ilipoanza.

Mara ya kwanza kuona kwa macho yangu, Mumbua alikuwa amekaa kivulini nyuma ya jiko, anasuka kiondo. Alikuwa na mikono myepesi kupita wanawake wakubwa. Anasokota mkonge pajani huku anaongea, na uzi unatoka sawasawa kama umetoka dukani. Siku hiyo akaanza kupiga miayo. Mwayo mmoja, wa pili, wa tano, mpaka nikamwuliza kama anataka kunimeza. Kisha akainua uso. "Udongo umelowa," akasema. "Kioko, husikii? Kumenyesha mahali."

Nilivuta hewa mpaka mbavu zikauma. Nilisikia kinyesi cha mbuzi na moshi.

Baadaye kidogo uzi ukamwanguka. Alitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akasema vimekufa ganzi, ganzi inapanda mkono, sasa imefika mdomoni. Kisha akaanza kuniambia kuhusu mwanga. Alisema kuna kitu kinang'aa pembeni mwa jicho lake la kushoto, kimevunjika-vunjika kwenda juu na chini kama pambo la kiondo, kinazunguka na kukua, na popote kilipo hawezi kuona. Aliponitazama, akasema, nilikuwa na sikio moja na nusu ya mdomo. Nilimwambia nusu hiyo inatosha kumshinda kwa maneno. Hakucheka. Akajaribu kusema jambo jingine, maneno yakatoka yamepindukapinduka, na machozi yakamtoka kwa hofu.

Hapo ndipo kichwa kikaja. Upande mmoja tu, kana kwamba mtu anatwanga humo ndani. Susu alimwingiza ghalani kwa sababu ndiko kulikokuwa na giza, akamfunga leso kichwani kwa nguvu, akamwekea mtungi wa udongo wenye maji karibu na paji la uso ili aegemee ubaridi. Alitapika mpaka kikatoka kitu cha kijani. Kesho yake aliamka mweupe wa midomo, mtulivu, kama mtu aliyetoka safari. Akachukua kipande cha uzi wa mkonge kilichokuwa kimening'inia kwenye boriti, akafunga fundo moja, akakirudisha. Nikamwuliza ni cha nini. Akasema hayanihusu.

Susu hakushangaa sana. Alituambia kwamba shangazi yake, zamani kabla ya kanisa kufika, alikuwa hivyo hivyo, na watu walikuwa wakimfuata mpaka mahali pa kutolea sadaka kuomba mvua, wakimwuliza amesikia nini. Nikamwuliza kama mvua ilikuwa inakuja kweli. Susu akasema, "Wakati mwingine ilikuja. Na wakati haikuja, walimfuata pia." Kisha akanishika sikio, si kwa kuniumiza, ila nisikie vizuri. "Kinachoingia puani mwa mtu hakipelekwi sokoni, Kioko."

Nilisema ndiyo, Susu. Sikio langu lilikuwa mkononi mwake, ningesema nini?

Sasa nikueleze jinsi umaarufu ulivyoanza. Mwezi wa tatu Mumbua alisikia tena ile harufu, akalala, na jioni mvua ikanyesha. Mwezi wa tatu, ndugu yangu! Hata punda alijua inakuja. Lakini mimi kesho yake mtoni nilisimulia kwa namna ambayo punda hawezi. Maji tulikuwa tunachota kwenye visima tulivyochimba katika mchanga wa mto uliokauka, na hapo watu hukaa foleni muda mrefu, kila mmoja akingoja kisima kijae kata moja baada ya nyingine. Mtu mwenye hadithi hapo ni mfalme.

Walicheka tu. Kisha ikaja harusi ya binti wa Ndinda, mwezi wa sita, wakati ambao kwetu hakuna mvua wala fununu yake. Asubuhi ile Mumbua alikuwa ameisikia. Nikaenda kwa Ndinda nikamwambia aingize chakula ndani, mvua inakuja. Ndinda alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, na mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi cha wanawake kinacholimiana mashamba kwa zamu. Alinifukuza kwa mwiko. Saa nane mchana likatoka wingu moja, moja tu nakwambia, likamwagika juu ya masufuria ya wali, likaenda zake.

Tangu siku hiyo sikuwa tena Kioko wa Susu. Ndinda alinibatiza jina "msemaji wa mbingu", na kila mara akiniona anauliza redio yangu inasemaje leo. Alikuwa ananitania, lakini alikuwa anasubiri jibu. Watu walinipa papai, wakanikatia muwa. Kijana mmoja aliyekuwa na duka alianza kunipandisha mbele ya baiskeli yake, baadaye akaniachia niiendeshe. Baiskeli ya kwanza kuigusa maishani mwangu niliigusa kwa sababu ya pua ya dada yangu. Ufundi wangu wote huu ninaojivunia, mzizi wake uko hapo.

Na usifikiri hawa walikuwa watu wasiomjua Mungu. Jumapili mzee wa kanisa alihubiri dhidi ya waganga na mizimu, na wote wakaitikia amina. Jumatatu walikuwa mtoni wananiuliza Mumbua ameamkaje.

Mumbua mwenyewe hakupenda. Alinigombeza mara mbili tatu. Alisema nyuso za watu zimebadilika, wanamtazama puani. Nilimjibu kwamba ana bahati, wasichana wengine hawatazamwi popote. Hilo nalo nililiona la kuchekesha.

Mwaka huo mavuno yalikuwa yameshindwa mara mbili mfululizo. Tulikuwa tunakula mahindi ya manjano ya msaada, yale yenye harufu ya gunia, na watu walikuwa wamekula hata sehemu ya mbegu zao. Susu hakuwa amegusa zake. Zilikuwa kwenye kibuyu kikubwa juu ya meko, kimezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na jivu, kimekuwa cheusi kwa moshi wa miaka: mahindi ya mbegu aliyokuja nayo alipoolewa, kunde, na mbaazi. Siku tuliyolala kwa uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo, nilikitazama kile kibuyu. Susu akaniona. Akasema, "Hicho si chakula. Hicho ni mwaka ujao." Na kweli, hatukuwa na mwaka ujao mwingine mahali popote.

Kama hujui kulima kwetu, nikueleze kidogo, halafu nikuache na ujinga wako mwingine. Mvua yenyewe, ile ya kutegemewa, inakuja kati ya mwisho wa mwezi wa kumi na katikati ya mwezi wa kumi na moja, na haikai. Kwa hiyo wengi hupanda kwenye vumbi kabla haijaja, ili tone la kwanza likute mbegu chini. Ukipatia, utakula. Ukipanda mapema sana, mchwa na panya na kware watakula wao. Na kibaya kupita vyote ni mvua ya uongo, ile inayolowesha kidogo, mbegu inaamka, inatoa kichwa, halafu jua linairukia. Mbegu ikishaamka hairudi kulala. Susu alikuwa mtu wa kungoja. Kila mwaka alipanda baada ya kuona maji kwa macho yake, hata akichekwa.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa kumi nikamwacha Mumbua anapiga miayo na kusugua jicho, nikapeleka punda mtoni. Ndinda alikuwepo na wanawake kama wanane wa mwethya. Walikuwa wamechoka na maswali: tupande, tungoje? Aliponiona, hakutania kama kawaida. Aliniuliza taratibu, "Mtoto wa watu, dada yako ameamkaje?"

Nikasema kichwa kinamjia. Wakatazamana. Walijua kichwa hakiji peke yake.

"Ameisikia?"

Nikasema ameisikia. Na kwa sababu wote walikuwa wamenyamaza, hata kata zilikuwa zimesimama kwenye visima, nikaongeza kwamba ni kubwa, na kwamba haitapita Jumapili.

Nilirudi nyumbani na maji. Mumbua alikuwa ameshaingia ghalani. Nilimpelekea kikombe, tukaongea kidogo, kwa vile maneno yalikuwa yanamkataa. Nikatoka nikaenda kucheza.

Haikufika adhuhuri, wanawake walikuwa uani na majembe begani. Mwethya huanzia kwa mwenye umri mkubwa, na mkubwa alikuwa Susu. Mgongo wake ulikuwa umeharibika. Zamu yake ikipita, lile shamba la mawe angelichimba na nani? Na mimi? Ndinda alimwambia kwa heshima, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, sisi tumeamua. Ukisema tungoje kwako, tutaanzia kwangu. Lakini tukianza hatutarudi nyuma mpaka tumalize nyumba zote."

Susu aliingia ghalani. Mumbua alikuwa anatapika, na mtu mwenye kichwa kile huulizi kitu mpaka kimwachilie. Hiyo ilikuwa sheria ya Susu mwenyewe. Akatoka, akaniita pembeni ya jiko. Naona hata sasa mikono yake, jivu limejaa kwenye mistari.

"Kioko, dada yako amekwambia nini?"

"Mvua, Susu."

"Amesema hivyo kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, Susu."

Alinitazama kwa muda ambao, kwa mtoto, ni mrefu kama foleni ya maji. Kisha akapanda kwenye kigoda, akateremsha kibuyu. Alipovunja ule mzibo, vipande vikavu vilianguka kwenye meko na kutoa moshi kidogo. Wanawake waliimba wakipanda. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ua na wavulana wenzangu, tunapiga mpira wa matambara, na kila mara Ndinda akipita ananipungia mkono.

Ijumaa ikanyesha.

Ungeona, ungeniamini hata wewe. Haikuwa kubwa, lakini ilinyesha usiku, na asubuhi Ndinda alisimama juu ya kilima chake akapiga vigelegele mpaka bonde likamjibu. Watu walimletea Mumbua maziwa. Yeye alikuwa ameshaamka tangu jioni ya siku ile ya kupanda, akasimama mlangoni mwa ghala, akaona shamba limefukiwa lote, akamtazama Susu, akarudi ndani. Maziwa hakuyanywa. Niliyanywa mimi.

Siku ya saba mahindi yakatoa vichwa. Siku ya kumi yalikuwa na majani mawili, kijani kile cha kukufanya umeze mate. Kisha jua likakaa. Sitaki kulieleza sana hilo jua. Kila asubuhi Susu alitembea kati ya mistari akiinama, anagusa jani moja, anaenda kwa jingine, kama mtu anayepita kwenye wodi. Alichota maji mtoni na kumwagia mstari mmoja kwa kata, mmoja tu, karibu na nyumba. Nao ukafa.

Mvua ya kweli ilikuja karibu mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Ilinyesha vizuri, nyororo, wiki kwa wiki. Wale waliokuwa wamengoja walipanda wakavuna mpaka wakakosa pa kuweka. Nyumba zetu kumi na mbili hazikuwa na cha kutia kwenye udongo. Nilimwona Susu, ambaye tangu aolewe hajawahi kuomba mbegu kwa mtu, amesimama mlangoni kwa jirani akiwa na kibuyu kitupu, anaongea habari za afya za kila mtu katika nyumba ile kabla ya kuweza kusema kilichomleta. Alipewa kunde viganja viwili. Yale mahindi yake hayapo tena duniani. Nimeyatafuta masoko yote, sijayaona.

Hakuna aliyenigusa. Hilo ndilo ambalo hata leo siwezi kulimeza. Mimi nilikuwa mtoto, na msemaji tu. Waliyemgeukia ni mwenye pua. Walisema ni roho ya uongo, imeingia kwa msichana kuwamaliza watu wa Mungu. Susu alikataa mara ya kwanza walipokuja kumtaka aombewe. Mara ya pili alikuwa na nguvu gani ya kukataa? Mjukuu wake ndiye aliyemaliza mbegu za kijiji.

Wakamngojea mpaka siku kichwa kilipomjia Jumapili. Wakampeleka mbele ya kanisa, wakamweka kwenye mkeka katikati ya ngoma na kayamba. Wewe umewahi kuumwa kichwa, mtoto akagonga tu kijiko kwenye sahani? Basi fikiria kayamba kumi. Fikiria mikono sita inakandamiza pale pale panapotwangwa, na kila mtu anapaza sauti. Alijikunja, akafunika macho, wakamfunua. Mwishowe akatapika kwenye mkeka, na kanisa zima likashangilia kwamba kimetoka.

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na dirisha. Nilipiga makofi kama wenzangu.

Januari shangazi yetu akaja kutoka Matinyani, upande wa Kitui, akamchukua. Ilisemwa kwamba atasaidia kulea watoto. Hakumaliza shule. Aliondoka na kiondo ambacho hakijafika shingoni, mkonge unaning'inia. Susu alimpa mkono. Akaupokea vizuri, kwa adabu, kama unavyompa mkono mgeni. Susu alibaki amesimama njiani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Miaka mitatu baadaye Susu akafa, na Mumbua hakuja kumzika. Alitumiwa habari, zikamfika, hakuja. Watu waliongea mengi. Walisema ana kiburi, ana moyo wa jiwe, nyanya aliyemlea. Mimi nami niliongea, maana unanijua.

Mwaka jana nikaenda kumwona. Nilienda kwa baiskeli, siku mbili, milima yote hiyo. Wewe ungeomba kurudishwa kabla ya saa nne asubuhi. Nilimkuta ameolewa, ana watoto wawili, anauza viondo ambavyo wenye macho wanavitafuta. Amenenepa kidogo. Alinicheka ndevu. Nilitengeneza breki za mume wake bila kuombwa.

Jioni mtoto wake wa kike, wa miaka minane hivi, alikuja kutoka nje akauliza, "Mama, nani anachoma manyoya ya kuku?" Hakukuwa na mtu anachoma kitu. Nilimtazama yule mtoto, kisha mama yake. Mumbua aliweka kisu chini. Akamwuliza mtoto kama macho yanaona vizuri, kama vidole vina ganzi. Akamnywesha dawa, akamlaza, akafunga dirisha na kuning'iniza leso juu yake, akawaambia wote mle ndani tuongee polepole. Basi. Dakika tano hazikuisha. Hakuna jirani aliyeitwa, hakuna aliyeuliza maana yake.

Akanieleza kwamba daktari wa dispensari alimwambia ni ugonjwa, unaitwa kipandauso, na uko kwa watu wengi duniani. Kichwa, kabla ya kuuma, kinapiga hodi. Kwa mwingine kinapiga hodi kwa nyota machoni, mwingine midomo inakufa ganzi, mwingine anasikia harufu isiyokuwepo. Mvua, moshi, hata machungwa. Alisema alipoambiwa aliomba kukaa kwanza. "Kumbe lilikuwa na jina," akaniambia, "na jina lenyewe si langu."

Asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza jambo dogo, nikamjibu, nikapanda baiskeli.

Hapo ndipo hadithi huishia nikiisimulia kibandani. Wateja husikitika, hutikisa vichwa, husema ujinga wa zamani ulikuwa mwingi. Nami hukubali, nikikaza spoku. Lakini kuna kipande ninachokiruka, na kwa kuwa wewe huwezi kuniona uso, nitakisema.

Asubuhi ile ghalani, nilipompelekea maji, Mumbua alinishika shati. Mkono ulikuwa hauna nguvu, ukateleza, akanishika tena. Maneno yalikuwa yanamkataa, lakini aliyapigania moja moja mpaka yakatoka. Alisema si mvua. Alisema leo hata harufu si ya mvua, ni manyoya ya kuku yanaungua. Alisema hiki kitu ni kichwa, ni kichwa tu. Kisha akanionyesha boriti kwa kidevu. Nikautoa ule uzi wa mkonge. Ulikuwa na mafundo kumi na tisa, na kwenye mawili tu alikuwa amepitisha uzi mwekundu. Kumi na tisa ni vichwa. Mawili ni siku ambazo mvua ilikuja kweli. Alikuwa amehesabu mwaka mzima kimyakimya, msichana wa miaka kumi na minne, wakati mimi nala papai.

"Mpelekee Susu," akasema. "Ataelewa."

Na angeelewa. Susu alikuwa msukaji kabla yake. Angepitisha kidole kwenye yale mafundo mara moja tu, na kibuyu kingebaki juu.

Lakini mimi nilikuwa nimeshasema mtoni. Nilikuwa nimesema kubwa, na kwamba haitapita Jumapili. Nilifika mlangoni mwa jiko na uzi mkononi, nikamwona Susu amenipa mgongo anachochea moto. Nikapita. Mpira wetu wa matambara ulikuwa umelegea. Nilizungusha ule uzi mara nne nikaukaza, na yale mafundo yakashika vizuri sana. Ndio mpira tuliokuwa tunapiga wanawake wakipanda.

Mumbua alipotoka ghalani na kuona shamba limefukiwa, alijua jambo moja tu: kwamba nyanya yake amepata neno lake na kulitupa. Na alipowekwa kwenye mkeka kanisani, alijua Susu amesimama pale akiwa na ukweli mfukoni, amenyamaza. Kwetu humwulizi nyanya yako kwa nini. Unampa mkono kwa adabu, unaenda Matinyani, na akifa huji.

Swali dogo aliloniuliza barabarani ni hili: "Kioko, ule uzi, Susu ulimfikia?"

Miaka yote hiyo. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye pedali. Uso wake ulikuwa hauna hasira hata kidogo, alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa. Mimi, ambaye ukinipa neno la kijiko nakurudishia debe, nilitoa moja.

"Ulimfikia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Akasema niende salama.